Pete ya Agwang

Haya yalimkuta rafiki yangu Obore, fundi wa spika hapa Busia. Ndiye aliyemrekebishia sauti Agwang, mwimbaji wetu wa jazi, tangu hajavuma.

Katika onyesho la mwisho Tororo, sauti ya mama huyo ilikwama. Obore akamzimia maiki kimyakimya, akaweka rekodi yake ya zamani. Agwang aliigonga maiki kwa pete mara mbili, ishara yake ya kuomba aongezewe sauti. Obore akainamisha macho. Watu walishangilia, lakini Agwang hakuimba tena mpaka alipofariki, tukamzika kijijini Mulanda.

Juzi Obore aliingia stoo kuchukua spika za matanga. Umeme ulikuwa umekatika.

"Mama, nisamehe," alinong'ona gizani. "Niliogopa watakucheka."

Waya zote za spika alikuwa amezishika mkononi, hazijaunganishwa popote. Spika ikagonga: tok, tok. Kisha ikanyamaza, kama mtu anayesubiri.