Nyumba Isiyo na Nzi

Yaliyompata fundi cherehani wa ukoo wetu hayasimuliwi mbele ya mgeni, na wanaoyasimulia hawaongezi chumvi, maana hayahitaji. Yalianza asubuhi ya kawaida, siku ya kufua. Fundi alikuwa ameshafagia uwanja mara mbili, amemwaga jivu chooni, amefunika pipa la taka na kuweka jiwe juu ya kifuniko. Madirisha yote aliyapiga nyavu za waya, kwa misumari aliyoigongelea mwenyewe. Chakula hakikukaa mezani bila kawa. Na bado nzi walikuwapo: juu ya cherehani, ukingoni mwa kikombe, kwenye kitambaa cheupe cha mteja.

Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi mdogo wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Pipa la Kitinda lilikaa wazi mlangoni, maganda na matumbo ya samaki yakimwagika. Vyombo vililala bila kuoshwa. Lakini ndani kwake hakuruka hata nzi mmoja.

Hilo peke yake lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba mama yao alikuwa amehamia huko.

"Kwako ni kusafi, mwanangu," mama alimwambia akifunga mzigo wake, "lakini hao nzi hawaniachi nikasinzia mchana. Kwa mdogo wako kumetulia."

Fundi alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Alimbebea mama mzigo ule mpaka kwa Kitinda, akautua, akasema, "Haya, mama." Njiani kurudi alitafuna midomo. Tangu utoto ilikuwa hivyo: yeye achote maji, Kitinda anyweshwe.

Siku hiyo ya kufua alipeleka shuka za mama. Nyuma ya mlango wa Kitinda, sakafuni, aliona birika kuukuu jeusi, kifuniko kimegandishwa na kutu. Nzi waliingia mdomoni mwa birika mmoja mmoja, bila kusukumana, kama watu wanaongoja zamu. Alisimama akawatazama muda mrefu. Hakuna aliyetoka.

"Hilo nililikuta humu nilipohamia," Kitinda alinong'ona nyuma yake. "Liache hapo, dada."

"Mbona unanong'ona?"

"Mama amelala."

Lakini macho ya Kitinda hayakuwa kwa mama. Yalikuwa kwenye birika.

Kesho yake, Kitinda alipokwenda bombani, fundi alilitia birika katika kapu lake la vitambaa, akaenda kuliweka nyuma ya mlango wake mwenyewe. Lilikuwa jepesi kama ganda la yai.

Kufikia adhuhuri nyumba ya fundi ilikuwa kimya. Kwa Kitinda kulivuma. Siku ya tatu mama alirudi kwa miguu yake mwenyewe, mzigo kichwani.

"Umepuliza dawa gani?"

"Usafi tu, mama," fundi alijibu, akimvutia kiti dirishani. "Usafi na subira."

Jioni Kitinda alikuja akasimama nje ya mlango wa wavu.

"Umekuja kumchukua?" fundi aliuliza.

"Nimekuja kuulizia birika."

"Birika gani?"

Kitinda aliegemeza paji la uso kwenye waya. "Dada, kama unalo, acha pipa wazi. Ng'oa hizi nyavu. Nzi waingie kila siku, tena wengi. Unadhani mimi napenda kunuka?"

"Wivu huo, mdogo wangu," fundi alinong'ona, na moyo wake ukajaa utamu ambao hakuwahi kuuonja. "Leo nawe umejua unavyouma."

Akafunga mlango wa mbao. Kisha akaongeza jiwe la pili juu ya pipa.

Wiki hiyo sisimizi walitoweka. Wakafuata mijusi wa ukutani. Paka wa jirani, aliyezoea kuja kulala jikoni, hakuonekana tena. Fundi hakujali; alikuwa akimshonea mama gauni. Jumatatu alichukua vipimo: mabega inchi kumi na tano. Jumamosi alipomjaribisha, gauni lilimshuka begani. Akapima upya. Kumi na tatu. Akapima mara ya tatu. Miaka yake yote kazini ilimfundisha kwamba mtu hukonda kiuno, hukonda mikono. Mifupa ya mabega haikondi.

"Mama, unakula?"

"Nakula, mwanangu." Sauti ilikuwa ndogo.

"Mbona kiti umekisogeza huku?"

"Sijakisogeza."

Jana kilikuwa dirishani. Sasa kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye birika.

Fundi alilishika alitupe nje. Halikunyanyuka. Alivuta kwa mikono miwili, mguu ameukaza ukutani. Halikutikisika.

Ndipo mwanamke msafi kuliko wote mtaani alipozing'oa nyavu kwa nyundo. Alipindua pipa sebuleni. Alimwaga sukari sakafuni. Alikimbia kwa Kitinda, pumzi zimemwishia.

"Niletee uchafu. Wote."

Waliumwaga pamoja, dada na mdogo wake. Wakangoja. Nzi wakaja. Walijaa nje ya dirisha lililo wazi, weusi, wakivuma.

Hawakuingia.

Hata mmoja.

Jua lilikuwa la utosi. Kivuli hakuna.

"Mama," Kitinda alinong'ona.

Mama alikuwa kitini, uso ameuelekeza nyuma ya mlango. Gauni jipya lilimfunika mpaka ncha za vidole, kama la kuazima. Hakuitika.

Waliobeba jeneza walikuwa wanne. Mmoja wao alirudi nyuma akauliza, kwa adabu, kama marehemu alikuwa ameshawekwa ndani.

Baada ya maziko birika halikuonekana. Kila mmoja alidhani mwenzake amelitupa. Fundi alihamia kwa Kitinda, wakalala chumba kimoja kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Nzi waliwatembelea usoni, na hakuna aliyewafukuza.

Mwaka uliofuata mwenye nyumba aliyokuwa amepanga fundi alipata mpangaji mpya, mama kijana mwenye mtoto mchanga. Fundi alikwenda kuchukua meza yake ya kukatia.

"Nyumba nzuri hii, mama," mpangaji alisema, mtoto mgongoni. "Nzi hakuna hata wa dawa. Ila huyu bwana mdogo tu ndiye haongezeki. Kliniki wanasema hana ugonjwa."

Fundi alimtazama mtoto. Kofia ilikuwa imemshuka mpaka kwenye pua.

"Analala wapi?"

"Pale, nyuma ya mlango. Sakafu ya pale ina ujoto, hata mvua ikinyesha. Weka mkono uone."

Fundi alipiga magoti, akakisogeza kigodoro. Saruji yote ilikuwa baridi, isipokuwa duara moja, upana wa kiganja, sawa na kitako cha birika. Hapo palikuwa na joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.