Mtahini wa Nje

Siku ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu, duka la kudurufu lililo mkabala na geti la chuo hujaa watu kama zahanati siku ya kliniki. Wanafunzi wa uzamivu, watu wazima wenye watoto na mvi, husukumana na flashi mikononi, na umeme ukikatika hapo utaona maprofesa wa kesho wakitaka kulia. Siku hiyo umeme ulikatika.

Yudith alikuwa amesimama kaunta, gauni la kitenge cha bluu, kilemba kimelegea, viatu vimejaa vumbi jekundu la Dodoma. Alikuwa amesoma kozi zote, amefaulu mtihani, ametetea andiko la utafiti, na amechapisha makala mbili baada ya majarida kumkataa mpaka akazoea. Kilichobaki ni kujalidi tasnifu, kuiwasilisha, kisha kusimama mbele ya jopo kuitetea. Tatizo ni kwamba usajili wake ulikuwa unaisha Novemba. Asingetetea kabla ya hapo, jina lake lingefutwa na kazi ya miaka yote ile ingekwenda na maji. Kwa hiyo aliogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa kidogo.

"Dada, unatetemeka," mwanamume mmoja alimwambia. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi, tai ameikunja mfukoni.

"Sitetemeki. Ni baridi."

"Baridi ya saa saba mchana?"

Yudith akacheka bila kupenda. Wakasubiri umeme pamoja, kila mmoja na soda yake. Mwanamume alijitambulisha kuwa ni Gaudence, anafundisha sheria katika chuo kingine upande wa pili wa mji, na amefuata kujalidi kitabu cha mihadhara yake. Akamuuliza tasnifu inahusu nini. Yudith akamweleza kuwa ni falsafa ya sheria, inahusu ukimya: je, mtu anayedaiwa neno akanyamaza, amedanganya?

"Na jibu?"

"Amedanganya."

"Kali hiyo, daktari."

Hakuna aliyewahi kumwita daktari kabla ya siku hiyo. Umeme uliporudi, walikuwa wameshapeana namba za simu.

Mapenzi ya watu wazima hayachelewi. Jumapili walikuwa wanatoka ibadani, kila mmoja kanisani kwake, wanakutana kwenye bustani katikati ya mji. Yudith anamletea zabibu za shamba la mama yake kule kijijini Hombolo, Gaudence anamletea maneno. "Mwalimu, leo umenikumbuka mara ngapi?" "Acha kunifanyia mtihani, daktari wangu." Yudith alilala akicheka na simu kifuani, na kwa wiki kadhaa Novemba haikumtisha sana.

Kisha simu ikanyamaza.

Wewe msomaji nitakwambia, maana Yudith hakuambiwa. Chuo chake kilikuwa kimemteua Gaudence kuwa mtahini wa nje wa tasnifu yake. Jina la mtahini wa nje mtahiniwa hulijua siku ya utetezi tu, na mtahini mwenye undugu au mapenzi na mtahiniwa anatakiwa aseme mapema na ajitoe. Gaudence alijua hivyo kuliko wengi. Lakini alijua pia kwamba akijitoa, kumtafuta mwingine kutachukua miezi, na Novemba itampita Yudith. Akaogopa. Akakaa na akili yake ya sheria akapiga hesabu: nikikata mawasiliano leo, uhusiano haupo, na usipokuwepo hakuna cha kutaja. Ujinga wa wasomi huja umepangwa vizuri hivyo.

Akamtumia ujumbe kwamba ana kazi nyingi, atamtafuta. Hakumtafuta. Yudith alipiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Akajiuliza amekosa nini, kama ni zabibu, kama ni kule kuongea sana juu ya tasnifu. Akaanza kuamini kwamba mtu aliyemkimbia ameona kitu ambacho jopo nalo litakiona. Chakula kikamshinda. Alimpigia mama yake kule Hombolo akasema anaogopa, bila kusema vyote anavyoviogopa, na mama akajibu kuwa atakuja mwenyewe akae mstari wa mbele.

Siku ya utetezi ilikuwa siku chache tu kabla ya usajili kuisha. Mama alikaa mbele kama alivyoahidi, kitenge cha kwaya na viatu vya Pasaka. Yudith alivaa suti nyeusi iliyompwaya, kwa kuwa mwili ulikuwa umepungua. Msimamizi wake, Dokta Lameck, alimwambia kwa kunong'ona asiwe na wasiwasi, ripoti za watahini ni nzuri. Mlango ukafunguliwa, jopo likaingia: Profesa Joha, mwenyekiti, mwanamama wa Tanga asiyecheka ovyo; kisha mtahini wa ndani; na nyuma yao Gaudence.

Yudith alishika kingo za meza.

Profesa Joha akaanza kama ilivyo desturi, kwa kuuliza iwapo kuna yeyote ndani ya jopo mwenye uhusiano na mtahiniwa unaoweza kuzuia haki kutendeka. Gaudence akainamia karatasi zake. Ukumbi ukawa kimya.

Yudith aliuelewa ukimya ule wote kwa mara moja. Akaelewa pia kwamba akinyamaza, jioni atakuwa daktari. Akisema, Novemba inaisha na yeye hana kitu.

"Mwenyekiti," alisema, akiachia meza. "Mtahini wa nje na mimi tulikuwa wapenzi. Sijui kama bado."

Profesa Joha alivua miwani. "Dokta Gaudence, ni kweli?"

Gaudence akasimama. "Ni kweli, Profesa. Ilinipasa niseme mimi, tangu mwanzo."

Watu wakatolewa nje. Yudith alisimama koridoni ameegemea ukuta. Gaudence akamfuata, na kwa maneno ya kukimbizana akamweleza yote: uteuzi, Novemba, hesabu yake ya kijinga.

"Ulitaka kunisaidia," Yudith alisema, "ukaniacha nikidhani nina kasoro. Nimelia mpaka nimekonda, Gaudence."

"Niliogopa utapoteza kila kitu."

"Na mimi naogopa. Hata sasa hivi naogopa. Lakini nimesema."

Gaudence aliomba msamaha bila kujitetea, macho yamelowa, na Yudith akagundua kwa hasira kwamba bado anampenda.

Profesa Joha akatoka. Alisema utetezi umeahirishwa, ripoti ya mtahini wa nje haitatumika, na mwajiri wa Gaudence ataandikiwa. Akamgeukia Yudith, akasema ataiomba seneti ya chuo impe nyongeza ya muda, ingawa seneti inaweza kukataa. "Siwezi kukuahidi, mwanangu," alimaliza, akaondoka.

Mama alikuwa amesimama pembeni, mkoba kwapani, akiwatazama.

"Kwa hiyo umekuwa daktari?"

"Bado, mama. Huenda nisiwe."

"Na huyu uliyemtaja mle ndani ni nani kwako?"

Gaudence akaamkia, akaitikiwa kwa ufupi. Kisha akamtazama Yudith. Yudith alihisi hofu kubwa kuliko ya ukumbini, maana kabla ya siku hiyo mama yake hakuwahi kumsikia akitaja mwanamume.

"Ni mtu ninayetaka anioe, mama. Kama na yeye anataka."

"Nataka," Gaudence alisema, kwa sauti ndogo sana.

Mama akamkagua kuanzia viatu mpaka kola ya shati.

"Mambo haya hayasemwi koridoni, baba. Uje Hombolo na wazee wako," alisema. "Na ukifika, useme wewe mwenyewe. Usimwachie mwanangu tena."