Mstari Mmoja wa Kufuta

"Nimeambiwa nije saa nane. Nisomewe."

Shiko hakuinua kichwa mara moja. Sauti hiyo angeijua hata ikitokea nyuma ya ukuta. Alibana stepla kwenye kijarida ambacho tayari kilikuwa na pini zake zote, ndipo akamtazama Jamleck. Alikuwa amesimama mlangoni na kisanduku chake cha vifaa, grisi ya friji ya mtu imemkauka kwenye mkono wa shati.

"Nani amekuambia?"

"Achola. Alinipigia jana. Akasema kuna hadithi imeletwa hapa, na mimi niko ndani."

Shiko akageukia meza ya pili. "Achola. Wewe uliniambia ni fundi fulani."

"Kwani huyu si fundi?" Achola alikuwa amejizungushia skafu shingoni mpaka kidevuni. "Nimeihariri yote, iko sawa. Soma wewe, mimi nina mafua. Sauti imeisha."

"Asubuhi ulikuwa unaimba."

"Ndiyo maana imeisha."

Shiko na Jamleck hawakuwa wameonana kwa wiki tatu.

Kijarida chenyewe kiliitwa Sebuleni. Kurasa arobaini, nakala mia mbili, kikitoka katika chumba kimoja juu ya duka la vitambaa mjini Nakuru, na kila nakala ikibanwa kwa mikono ya Shiko na Achola. Hawakuandika siasa wala mpira. Waliandika watu wa nyumbani. Kulikuwa na toleo la Baba, toleo la Shemeji, toleo la Nyanya, na sasa walikuwa wanamalizia toleo la Mama. Kilisomwa kwenye vinyozi, kwenye foleni za kliniki, na kuna mzee mmoja wa Njoro aliyewahi kumpigia mwanawe simu baada ya miaka sita kwa sababu ya ukurasa wa kumi na moja.

Nyuma ya kila nakala kulikuwa na sheria, na sheria hiyo Shiko aliitunga mwenyewe: mtu wa nyumbani akiandikwa, husomewa kwanza, uso kwa uso, kabla ya mashine kuwashwa. Ana haki ya kufuta mstari mmoja. Si miwili. Na palipofutwa huachwa peupe.

"Keti," Shiko akasema. "Ni kazi tu."

"Najua."

"Nasema ili ujue."

"Nimesema najua, Shiko."

Walikuwa wamependana miaka miwili. Kwao Shiko ni Ndabibi, na baba yake, Mzee Maina, alikuwa ameuliza mara tatu huyo kijana ataleta watu wake lini. Kila Shiko alipomwomba Jamleck ampeleke kwao kwanza, Kihoto, karibu na ziwa, alipewa sababu. Nyumba inarekebishwa. Mama amesafiri. Barabara ni mbaya. Kisha siku moja akiwa anafagia chumba cha Jamleck, ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda. Gambuti mpya za kike, viatu vya mpira vya kukanyagia maji, zenye maua mekundu, namba tano. Mguu wa Shiko ni namba saba.

"Hizi ni za nani?"

"Za mteja."

"Mteja wa friji anakuachia viatu chini ya kitanda?"

Jioni hiyo Shiko akamtumia ujumbe: "Usinipigie mpaka uwe na tarehe ya kunipeleka kwenu. Na mwenye hizo gambuti mwambie namsalimia." Jibu lilikuja fupi: "Nipe muda. Si vile unafikiria." Hakulijibu.

Sasa Achola alimsukumia daftari la shule, la mistari, lililoandikwa kwa kalamu ya bluu, mwandiko mkubwa ulioinama kidogo. Shiko akalifungua na kuanza kusoma kwa ile sauti yake ya kazi.

"Mimi ni mwanamke wa Kihoto. Nimefunga maua miaka kumi na tisa. Waridi zangu zimefika kwenye harusi za watu nisiowajua. Nilijenga nyumba ya mawe, vyumba vitatu, nikapaka mlango rangi ya bluu ili nikitoka kazini niuone kutoka mbali."

Jamleck akaweka kisanduku chini polepole.

"Ziwa lilipopanda halikuja kwa kelele. Siku ya kwanza lilikuwa kwenye sukuma wiki. Siku ya nne lilikuwa chini ya kitanda. Kijana wangu akaja kutoka Nakuru, akanibeba mgongoni. Nikamwambia niweke chini, mimi si mtoto. Akasema, wewe ulinibeba na hukuniuliza. Hakuniweka chini mpaka lami."

Shiko akasita. Akamtazama. Jamleck alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ni mama yako?"

"Endelea."

"Jamleck, ni mama yako ameandika hii?"

"Huo ni mwandiko wake. Endelea tu, tafadhali."

Sauti ya kazi ilikuwa imempotea Shiko. Akaendelea na ile aliyobaki nayo.

"Sasa nakaa chumba kimoja cha kukodi, mimi na kabati langu, na kabati ndilo lina nafasi kubwa. Kijana wangu akija hulala kwenye kiti. Ameniwekea taa, ametengeneza friji ya mama mwenye ploti ili nisinyimwe mahali pa kuweka maziwa. Nimesikia ameninunulia gambuti zenye maua, kwa sababu kila Jumamosi narudi kuangalia mlango wangu. Bado hajaniletea. Nadhani anaogopa nikizivaa nitaenda kila siku."

Achola alikohoa ndani ya skafu, kikohozi kisichofanana na mafua hata kidogo.

"Namba tano," Shiko akasema.

"Namba tano," Jamleck akajibu.

"Na ukaniambia mteja."

"Ningesema nini? Ningesema ni za mama, ungeuliza mama anaenda wapi na gambuti."

Shiko akafungua ukurasa uliofuata.

"Ana msichana. Hajaniambia. Najua kwa sababu kila akija hunisomea kijarida kinachoitwa Sebuleni, na akifika kwenye ukurasa wa mhariri sauti yake hubadilika. Husoma kama mtu anayekula polepole ili chakula kisiishe. Hamleti kwangu. Anangoja maji yarudi. Ziwa halina haraka, lakini mimi nina miaka sitini na mbili. Siku moja nilimsikia akimwambia kwenye simu ati mama amesafiri. Sikuwa nimesafiri. Nilikuwa nimekaa mbele yake, nachambua mboga."

Chini, kwenye duka la vitambaa, mtu alikuwa anabishana juu ya mita mbili na nusu.

"Simlaumu," Shiko akasoma, taratibu sasa. "Hakuna kijana anayefurahia kuonyesha mama yake akiwa hivi. Sina nyumba ya kumkaribisha msichana wa watu. Lakini nimesoma nyuma ya kijarida kwamba anayeandikwa lazima aje kusomewa. Nikaona hiyo ni sheria nzuri. Nami nikaandika."

Hapo ndipo daftari lilipoishia.

Shiko akalifunga, akaweka kiganja juu yake. Alikuwa amehariri mama wengi wiki hiyo, mama watakatifu, mama waliokufa, mama walioandikwa na watoto wao wakiwa mbali. Huyu alikuwa ametazama sheria yake, akaona mlango ndani yake, akawaingiza wote wawili na kuwafungia.

"Huyu mama ni hatari," akasema kwa sauti ya chini.

"Mimi nilimpenda tangu tulipoongea kwenye simu," Achola akasema, na sauti yake ilikuwa nzima kabisa.

Jamleck akanyoosha mkono. "Nipe kalamu. Si nina mstari mmoja?"

"Mmoja."

Shiko akamfungulia daftari na kumpa kalamu nyekundu. Alijua mstari gani ungemuuma. Ule wa simu. Watu mia mbili wangesoma kwamba kijana huyu alimkana mama yake akiwa amekaa mbele yake. Akajiambia, bila kusema kwa mdomo: akifuta huo, basi. Mwanamume anayetaka uongo wake ufichwe leo atasema mwingine kesho, na mimi sitamngoja. Alikunja mikono kifuani.

Kalamu ikashuka kwenye ukurasa. Ikafika kwenye ule mstari wa simu. Ikakaa hapo muda mrefu.

Kisha ikapita. Ikashuka mistari michache, ikakata kwa nguvu mpaka karatasi ikakwaruzika.

Shiko akainama kuona. Sina nyumba ya kumkaribisha msichana wa watu.

"Mbona huo?"

"Kwa sababu si kweli. Anayo. Chumba kimoja ni nyumba, akiwa ndani yake. Mimi ndiye nilisema hakuna, si yeye."

"Na ule wa simu?"

"Nilisema vile. Wacha ubaki."

"Vinyozi wote wa Nakuru watausoma."

"Wasome." Akarudisha kalamu mezani. "Sikukuonea haya wewe, Shiko. Wala yeye. Nilijionea haya mimi. Fundi mzima, natengenezea watu baridi kwenye nyumba zao, na mama yangu sina pa kumweka. Nilitaka ukifika kwetu ukute mlango wa bluu. Nikajiambia mwezi ujao maji yatarudi. Mwezi ujao. Imekuwa hivyo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia."

"Nimekaa wiki tatu nikichukia mguu mdogo wa mtu."

Jamleck akatabasamu kidogo, kwa woga, kama mtu anayejaribu swichi kuona kama stima imerudi. "Tarehe ninayo. Jumamosi hii. Ukikubali."

Shiko hakumjibu yeye. Alichukua simu ya Achola, akaitafuta namba ya mwenye daftari, akapiga na kuweka spika.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, nyuma yake sufuria zinagongana.

"Shikamoo, Mama. Ni Shiko, mhariri wa Sebuleni. Tumemsomea."

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Wamaitha, mama yake Jamleck. Amekuja kweli?"

"Niko hapa, Mama," Jamleck akasema.

"Nilifikiri utatoroka. Amefuta upi?"

Shiko akamsomea. Upande wa pili sufuria zikanyamaza.

"Huo?" Wamaitha akasema hatimaye. "Na mimi huo ndio niliona umekaa vizuri."

"Sheria ni sheria, Mama. Na Jumamosi tunakuja."

"Haya. Basi nitapika kama mtu mwenye nyumba." "Wewe msichana, unavaa kiatu namba ngapi?"

"Saba."

"Ngai. Miguu ya kazi hiyo. Jamleck, mnunulie gambuti. Na zangu uzilete, nimechoka kusikia habari zake tu."

Jumamosi walifika Kihoto saa sita mchana, kwa sababu asubuhi na jioni viboko hutembea humo kama wenye ploti. Chumba kilikuwa kidogo kuliko Shiko alivyokiwaza, na Wamaitha mrefu kuliko alivyomwaza. Waliketi watatu kitandani kabati likiwa mgongoni mwao, wakala mokimo ya viazi na mahindi, na Wamaitha akamuuliza maswali yote ambayo mama huuliza, akianza na Ndabibi ni upande gani na Mzee Maina anapenda chai yake vipi, maana alitaka kujua kabla ya kwenda kumbishia hodi.

"Tutaenda mwezi huu," akasema. "Si wakati maji yatarudi. Mwezi huu."

"Sawa, Mama," Jamleck akasema.

"Sikuwa nakuuliza wewe."

Kisha akavaa gambuti zake zenye maua, akageuza mguu huku na huku akizitazama, akatoa ufunguo shingoni.

Walitembea kwa mstari, yeye mbele, Shiko katikati na gambuti zake mpya, Jamleck nyuma akiangalia matete yasije yakawa na kiboko. Maji yalikuwa yamepungua kiasi, yalifika katikati ya gambuti. Nyumba ilisimama humo kimya, kuta zina alama ya matope hadi dirishani, na mlango wa bluu ulionekana kutoka mbali, kama alivyoandika.

Shiko alisimama mbele ya kizingiti. Kwa mazoea ya kila mgeni aliyelelewa vizuri, akainama kushika kiatu chake.

Wamaitha alikuwa ameshageuza ufunguo. Aliusukuma mlango kwa bega, maji yakapisha, akaingia, akageuka, akamnyooshea mkono.

"Karibu nyumbani," akasema. "Leo usivue viatu."