Kimo cha Ndege ya Dawa

Likizo ile ya mwaka 1974, Grasiana alikuwa na kazi kila asubuhi. Akishafagia ua na kuchota maji, alimfuata baba yake, Mzee Filemoni, kwenye kiwanja kidogo cha ndege kilichokuwa katikati ya mashamba ya mkonge, ng'ambo ya Kwamndolwa, karibu na mji wa Korogwe. Baba alikuwa mwongoza ndege. Chumba chake kilikuwa na meza moja, redio ya kuzungumza na marubani, na daftari. Grasiana alikuwa darasa la sita na mwandiko wake ulisifiwa, kwa hiyo baba alimruhusu kuandika jina la kila rubani na kimo cha ndege yake.

"Mawingu yakitanda, marubani hawaonani," baba alimweleza siku ya kwanza. "Mimi ndiye macho yao, na mimi nalitegemea daftari hili. Ndege zikizunguka pamoja, lazima moja iwe juu ya nyingine kwa futi elfu moja au zaidi."

Ijumaa moja mvua ilinyesha tangu alfajiri, na milima ya Usambara haikuonekana kabisa. Ndege mbili zilikuwa njiani. Moja ilitoka Tanga na daktari pamoja na dawa za watoto waliokuwa wakiharisha katika kijiji kipya cha ujamaa huko Kwaluguru. Nyingine ilitoka Dar es Salaam na mbegu za mahindi. Baba alipochungulia dirishani, aliona ng'ombe wameingia kwenye njia ya kutua.

"Nakwenda kuwaswaga," alisema. "Nimemwambia Isihaka wa ndege ya dawa azunguke huko juu mpaka njia iwe wazi. Atataja kimo chake. Sikiliza, uandike."

Baba hajafika mbali, Fatu, rafiki wa Grasiana, akatokeza dirishani amejifunika gunia. Alikuwa na habari: majina ya timu ya netiboli yamebandikwa shuleni. Grasiana akamgeukia amsikilize. Papo hapo redio ikakwaruza.

"Korogwe, hapa Isihaka. Nazunguka kimo cha elfu…"

Neno la mwisho likamezwa na kishindo cha mvua juu ya bati.

Grasiana alibaki na kalamu mkononi. Kuzungumza redioni hakuruhusiwa. Angeweza kumkimbilia baba, lakini angemwambia nini? Kwamba alikuwa akipiga soga? Jana ndege ya namna hiyo ilizunguka elfu tatu. Akaandika: elfu tatu.

Fatu alikwishaondoka baba aliporudi, ametota, matope mpaka magotini. Alilitazama daftari. "Elfu tatu. Una hakika?"

"Ndiyo, baba."

Muda si mrefu sauti nyingine ikasikika. "Korogwe, hapa Kasmiri na mbegu. Niko elfu sita. Mawingu matupu, sioni kitu."

"Kasmiri, mwenzako yuko elfu tatu," baba alijibu. "Shuka mpaka elfu nne, uzunguke juu yake."

"Elfu nne. Nashuka."

Ngurumo ya ndege moja ilipita juu ya paa. Kisha nyingine ikasikika kutoka upande wa mto, ikikaribia. Kama Isihaka alikuwa amesema elfu nne, je?

"Baba."

"Subiri."

"Baba, sikuisikia namba. Nilikuwa naongea na Fatu. Hiyo tatu nimeibuni."

Baba hakumtazama. Alibonyeza kitufe. "Kasmiri, acha kushuka. Panda mpaka elfu sita, sasa hivi."

Redio ilikoroma tu. Baba akarudia, polepole, neno kwa neno. Grasiana aliushika ukingo wa meza.

"Napanda," sauti ikaja. "Nilishafika elfu nne na mia tano."

"Isihaka, taja kimo chako tena."

"Elfu nne, kama nilivyosema."

Baba aliikata ile tatu, akaandika nne. Akamshusha Isihaka kwanza. Ndege ya dawa ilichomoka mawinguni juu ya mkonge, ikatua ikirusha matope. Magurudumu yaliposimama na njia kuwa tupu, ndipo akamruhusu Kasmiri kushuka.

Marubani wote wawili waliingia chumbani. Kasmiri alitaka kujua kwa nini aliamriwa kupanda ghafla. Baba akamtazama binti yake.

"Shikamooni," Grasiana alisema, kisha akaeleza yote bila kuficha, hata habari za netiboli.

Kasmiri aliketi taratibu kwenye benchi, akavua kofia.

"Umekosa mara tatu," baba alimwambia Grasiana. "Hukusikiliza, ukaandika usichokijua, na nilipokuuliza ukanidanganya. Kuanzia kesho utabaki nyumbani. Na mimi nimekosea kwa kukuachia redio. Hilo nitaliandika mwenyewe kwenye taarifa yangu."

Grasiana aliinamisha kichwa.

"Lakini ulijua nitakasirika, na bado ukasema kweli. Ndiyo maana leo tunazungumza na watu hawa. Mwanangu, kusema 'sijasikia' kungekupa aibu ya dakika moja. Iwe darasani, iwe kazini, usilijaze pengo kwa kubahatisha. Kuna mtu atakayeliamini ulilomwambia, na huenda maisha yake yakategemea neno hilo."

Nje, daktari alikuwa tayari anapakia makasha ya dawa kwenye gari la kwenda Kwaluguru. Grasiana aliomba ruhusa, akatoka mvuani kwenda kumsaidia kubeba.