Jicho la Mama na Kola ya Shati

Mtaani walimwita Mama Jicho. Alikuwa fundi cherehani. Alipowafundisha binti zake wawili, alisimama nyuma yao, mikono kiunoni, akitazama kila mshono.

Binti mkubwa alishona mapindo ya suruali, kazi aliyoizoea. Mama akisimama, mshono ulinyooka. Mdogo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kola za mashati. Mama akisimama, kola ilikwenda upande. Mama akasogea karibu zaidi. Kola ikaharibika zaidi.

Siku moja mdogo alifunika cherehani. "Mama, kazi hii siiwezi. Naacha."

Maneno hayo yalimchoma mama. Alikwenda kwa jirani yake, mtafiti wa saikolojia, yaani mtu anayechunguza tabia za watu. Alimkuta akianua nguo.

"Dada, binti yangu mdogo ana mikono mizito. Mwenzake nikimsimamia anashona vizuri. Yeye anaharibu tu."

"Umewahi kuwabadilishia kazi?"

"Hapana. Mkubwa hajawahi kugusa kola."

"Basi mpe kola. Mdogo mpe mapindo, si anayajua? Halafu wasimamie vilevile."

Mama alifanya hivyo. Mkubwa, pamoja na sifa zake zote, alitoka jasho, na kola ikaenda upande. Mapindo ya mdogo yalinyooka. Mama alivuta kiti akakaa.

"Jicho lako ni lilelile," jirani alimweleza jioni. "Kinachogeuza mambo ni mazoea. Kazi ukiizoea, kutazamwa kunakutia nguvu. Ikiwa ngeni, kunakutia wasiwasi. Ndiyo maana watafiti hatuulizi tu kama kusimamia kunasaidia. Tunauliza pia kunamsaidia nani, na wakati gani."

"Kwa hiyo nimepata jibu?"

"Watu wawili ni wachache mno kwa utafiti. Lakini wanatosha kukufanya uache kumlaumu mtoto."

Mama alimwonea huruma mwanawe, akajionea haya mwenyewe.

Tangu hapo, mdogo akishona kola, mama alikaa dirishani akitia vifungo, akiwa amempa mgongo. Kutomtazama kulikuwa kugumu kuliko kushona. Mdogo alishona, akafumua, akashona tena. Akikwama aliuliza.

Wiki zilipita. Asubuhi moja mdogo aliita bila kugeuka.

"Mama, acha vifungo. Njoo usimame hapa."

Mama akaenda, akasimama nyuma yake, mikono kiunoni. Kola ikanyooka.