Toroli ya Tatu

"Laki mbili hazitoki mfukoni mwangu mpaka uwanja ulale sawa," mwenye nyumba alisema. Fundi akamjibu kwamba jana saa kumi ulikuwa sawa, na wote wawili walichuchumaa wakatazama kiputo cha pimamaji kikitulia katikati. Kwa kifaa hicho watu walimwita Pima. Hasira zake zilikuwa karibu, lakini kazi yake ilikuwa nyoofu, na alipenda ijulikane.

"Mimi sijala hata kokoto la mtu."

"Basi hilo shimo nimechimba mimi?"

Chini ya dirisha la jikoni, pale Pima alipokata kituta kidogo cha udongo mweusi, ardhi ilikuwa imetitia. Urefu wa mkono, kina cha sahani. Kingo zake zilikuwa laini, kama zimepapaswa.

Pima alijaza mchanga wake mwenyewe, akamwagilia, akashindilia. Kesho yake pametitia tena, kina cha sufuria. Akajaza. Siku ya tatu, jua la utosi, mwenye nyumba hayupo, akainua kishindilio na kabla hajakishusha akasikia chini ya miguu yake pa, pa, pa, taratibu, kama kiganja mgongoni mwa mtoto asiyetaka kulala, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikapanda kutoka mchangani, mchanga mkavu alioununua mwenyewe na kuuchekecha mwenyewe, ikamjaa kooni mpaka akasahau kwamba mikono yake bado iko juu.

"Fundi." Mke wa mwenye nyumba alikuwa dirishani, akinong'ona. "Udongo wa hapa uliupeleka wapi?"

Pima akaonyesha getini, na mwanamke akamweleza. Mwanawe aliishi siku sita, wakamzika pale. Mumewe alichoka kumkuta amekaa kando ya kituta, akaona pakisawazishwa atasahau. Fundi hakuambiwa neno.

"Nilikuwa namsikia akibembelezwa," mama yule alisema. "Sikujua ni nani, wala sikuogopa. Nilisema, afadhali, mwanangu ana mtu. Sasa huyo mtu anamtafuta."

Pima hakubisha. Alifukua bonde la karibu na geti alilokuwa amelijaza kwa udongo ule, akaurudisha toroli mbili, akakiumba kituta upya kwa viganja, maana koleo aliliona halina adabu. Mchana ule pakanyamaza. Mwenye nyumba aliporudi alikiona kituta, akatoa zile laki mbili bila kuangalia uwanja.

"Umerudisha wote?" mkewe aliuliza.

"Wote, mama."

Zilikuwa toroli tatu. Kwa mafundi wa viwanja, masalio ni ya fundi. Hakuna anayeita wizi. Ile ya tatu aliipeleka kwake, kwa sababu mkewe, mwenye mimba ya miezi saba, alikuwa ameomba udongo mzuri wa maua. Angeweza kusema. Lakini mtu aliyejisifia kokoto atasemaje toroli?

Alikwenda nyumbani mbio mbio, amekwisha kupanga: atang'oa maua, atapakia, arudishe kabla jua halijazama, aseme ukweli.

Mkewe alikuwa amekaa chini, katikati ya maua, miguu imezama udongoni hadi vifundoni. Uani kulinuka maziwa yaliyochacha. Mkono wake ulikuwa juu ya tumbo, ukipiga taratibu. Pa, pa, pa.

"Mke wangu, toka hapo. Huo udongo naurudisha sasa hivi."

Hakutoka. Aliinua macho, yakampita kama yanamtazama mtu wa nyuma yake. Machozi yalimtiririka usoni, machozi ya mkewe, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mwingine, mzee, aliyechoka kutafuta.

"Toroli mbili nimepokea," ilisema, na mkono haukuacha kubembeleza. "Bado moja. Nipe mwanangu huyu."