Kikomo Kilichosingiziwa

— Usiniambie imezima tena.

— Imezima, mpenzi. Tangu mchana.

Fundi cherehani alisimamisha mashine, akakata uzi kwa meno, akamgeukia mchumba wake. Seremala alisimama mlangoni, vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, simu mkononi imekufa. Ilikuwa wiki ya pili sasa, kila akipigiwa mchana hapatikani. Na harusi ilikuwa mwezi ujao.

— Asubuhi umetoka nayo imejaa. Chaji inakwenda wapi?

— Muulize aliyeniwekea kikomo. Kile kidude kinanichunguza kutwa nzima: nimefungua nini, nimekaa humo muda gani, nimezidisha au sijazidisha. Sasa na chenyewe si kinafanya kazi? Anayefanya kazi hali?

Kweli, kikomo alikiweka fundi. Huyu bwana alikuwa analala na video za mpira, anaamka na video za mpira, ukimuuliza atakula nini anajibu "eeh". Siku moja fundi akaichukua simu, akaweka mpaka: mpira nusu saa kwa siku, ikizidi unajifunga. Seremala alikubali bila ubishi.

— Basi lete nikitoe.

— Hapana, kiache. Nimeshakizoea.

Alijibu haraka mno, na haraka hiyo ndiyo iliyomchoma fundi. Mtu gani analalamikia mwiba, ukitaka kumchomoa anaficha mguu?

Jioni akampigia shangazi yake, aliyemlea tangu mdogo.

— Mwanangu, simu haizimi kila mchana kwa bahati mbaya. Huzimwa.

— Anasema ni kikomo, shangazi.

— Kikomo cha uaminifu, labda. Usoni anakutazama?

— Wiki iliyopita nilikuwa nashona huku nazungumza naye, macho yote kwenye kiwiko changu.

— Haya. Bora uchumba uvunjike kuliko nyumba.

Fundi alimpenda yule mtu, tena vibaya sana. Lakini fundi hakati kitambaa kabla hajapima. Asubuhi akamfuata karakana.

— Leo tubadilishane simu. Yako yenye kikomo nakaa nayo mimi. Yangu haina kikomo, kaa nayo wewe. Tuone ipi itazima.

Seremala akajikuna kisogo, akatoa simu. Angekataa vipi?

Kutwa simu ya seremala ilikaa mezani kando ya mkasi. Fundi aliitumia kama ambavyo mwenyewe angeitumia: alipokea simu za wateja, akatazama mpira asiouelewa mpaka kikomo kikamfungia. Mchana akaangalia chaji. Ilikuwa imeshuka kidogo tu. Akafungua kuona ni vitu gani vilivyoila, akakuta kioo kinaongoza na mpira unafuata. Kikomo hakikuonekana hata mkiani.

Akapiga namba yake mwenyewe.

"Simu unayopiga haipatikani kwa sasa."

Alifunga duka mteja akiwa amevaa gauni nusu, akamwomba radhi, akaenda karakana kwa miguu yenye hasira. Alimkuta seremala anajipangusa jasho.

— Nipe simu yangu.

Akampa. Imezima.

— Yenye kikomo bado ina chaji. Isiyo na kikomo imekufa mikononi mwako. Kwa hiyo kosa si la simu. Ni nani huyo?

— Nani?

— Unayenizimia simu kwa ajili yake. Sema mapema nikalilie kwetu, kadi bado hazijagawiwa.

Akajifuta macho kwa kiganja. Seremala alipoyaona machozi, msasa ulimdondoka.

— Sizimi, inaisha yenyewe. Na asubuhi niliona ujumbe wa shangazi umejitokeza kwenye kioo cha simu yako.

— Ameandika nini?

— "Mwanangu, leo asipopatikana tena, mrudishie pete yake." Nikaona lazima nimalize leo hii. Njoo.

Akamvuta mpaka stoo ya nyuma, isiyo na dirisha wala taa. Akachukua simu yake kutoka mkononi mwa fundi, akawasha tochi.

Palikuwa na meza ya cherehani, mbao laini, kingo zimeviringwa, droo moja ya nyuzi na nyingine ya vifungo.

— Kila mchana wenzangu wakienda kula, naingia humu. Simu naitundika kwenye ule msumari, tochi inawaka mpaka chaji inakwisha. Ningeifanyia nje ungeiona, haipiti siku hujachungulia.

— Ukakisingizia kikomo changu.

— Ningekuambia ni tochi, ungeuliza tochi ya nini mchana. Na kikomo ungekitoa, ningebaki bila kisingizio.

Fundi akavuta kigoda, akakaa, akaweka mikono juu ya meza. Kwa mara ya kwanza mbele ya meza ya kushonea, mgongo wake haukuinama.

— Ulinipima lini?

— Wiki iliyopita, ulipokuwa unashona. Kiwiko nilikipima kwa macho.

Fundi alicheka huku analia. Simu ya seremala ikaita, fundi akaipokea. Shangazi.

— Namba yako haipatikani, yake inapatikana! Kuna nini huko?

— Nimemfumania, shangazi.

— Nilijua. Yukoje huyo?

— Ana miguu minne na droo mbili.

Fundi akamweleza shangazi yote.

— Basi pete ibaki hapo ilipo, alisema. Na mwambie kabati langu la vyombo mlango umelegea.

Gauni la harusi lilishonwa juu ya meza ile. Siku yenyewe, bwana harusi alikabidhiwa kifurushi kidogo na mkewe, akakifungua mbele ya watu wote. Ilikuwa tochi.

— Simu yako nataka niwe naipata, bibi harusi akamnong'oneza.

— Na kikomo je?

— Kinabaki. Kilisingiziwa, kikashinda kesi.